Mwaka Ule Feruzi Alipojua Kusikiliza

Nilipofika Wamaza kwenye matanga ya Mama Hidaya, kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa chakula ambacho hakikuliwa. Sufuria kubwa za wali zilipangwa kando ya ukuta wa jiko, zimefunikwa kwa majani ya ndizi, na juu ya sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, mafuta ya mawese yalikuwa yameshaganda. Kwetu, chakula kubaki kwenye matanga ni jambo la kutisha kuliko kifo chenyewe. Watu huja hata kwa maiti ya mgomvi, huja hata kwa maiti ya mchawi, kwa sababu kila mmoja anajua zamu yake haiko mbali. Hidaya, binti pekee wa marehemu, alikuwa ameketi mkekani na wanawake wachache wa ukoo. Hakungoja hata nivue viatu, akaniita yaya, kama tunavyomwita ndugu mkubwa. "Yaya Mwamini, unaona? Hawakukuja. Wanasema hawawezi kula kwa nyumba ya mama aliuza mutoto wake." Niliketi, nikaomba sahani. Nilikula nikashiba, nikaomba tena, nikala bila njaa, kwa hasira tupu, na wale wanawake wakinitazama. Kabla sijanawa mikono nilikuwa nimeshajua kwamba Feruzi lazima arudi nyumbani, na kwamba mimi ndiye nitakayemwita.

Feruzi ni yule mtengenezaji filamu ambaye watu wa Kasongo hupenda kusema "ni wetu". Hana kampuni juu yake, au ndivyo anavyojisifu. Hujitafutia mwenyewe njia ya kupiga picha zake, na filamu zake zimeonyeshwa katika miji ambayo sitaiona. Mimi nilimjua kabla ya hayo yote. Nilimjua mwaka mmoja tu, ule mwaka pikipiki zilipoanza tena kupita kwenye njia ya Kabambare baada ya vita, na watu wakawa wanaulizana habari za jamaa zao kwa midomo badala ya kukisia. Yeye alikuwa amerudi kutoka Bukavu na kamera ndogo ya kushika mkononi. Alizaliwa Kasongo mjini, akalelewa kwa Kiswahili tu, na alitaka kwenda kuwasikiliza wakulima wa upande wa Kabambare ambao machungu yao huyasema kwa Kibangubangu. Mimi nilikijua Kibangubangu. Nilikuwa msichana niliyemaliza shule na kukosa la kufanya. Basi akaja kuniomba, na nikakubali kabla hajamaliza kuomba.

Tulijifunzia kazi katika chumba cha shangazi yake, kwenye mtaa wa zamani wa Kasongo, chumba kilichowekwa magunia ya mpunga mpaka karibu na dari. Vumbi la makapi lilitukaba koo. Feruzi alikuwa ametundika shuka jeupe ukutani, na kila alasiri alinivalisha vile visikizio vya masikioni, akanipa fimbo yenye kipaza sauti mwishoni, kimevikwa kitu chenye manyoya ili upepo usiingie, akaniambia nifunge macho na kumweleza ninachosikia. Nilisikia kuku. Nilisikia mwalimu wa madrasa akiwakaripia watoto nyumba ya tatu. Na nyuma ya pazia niliwasikia shangazi zake wawili wakichambua mchele. "Musichana wa watu anatembea na mwanaume na fimbo ya manyoya," mmoja alisema. "Ile filme ndiyo itamuoa?" Mwingine akajibu: "Wacha. Feruzi haoi mutu. Anaoa kile kioo ya kamera." Walicheka, nami nikacheka ndani ya visikizio vyangu. Ninaliandika hili kwa sababu najua watakaosema kwamba yote niliyofanya baadaye ni kisasi cha mwanamke aliyeachwa. Hakuniacha. Sikuwa wake siku hata moja. Kisasi changu kina baba mwingine.

Lile alilonifundisha katika chumba kile bado naliona kuwa kweli, na hilo ndilo linalonitia uchungu. "Usimukate mutu," aliniambia. "Akinyamaza, na wewe unyamaze. Neno lenye alitaka kusema linakuja nyuma ya ile kimya." Alikuwa na subira ya mvuvi, kijana yule. Aliweza kumwelekezea kamera mama anayechagua mawe kwenye maharagwe mpaka maharagwe yakaisha, na ukitazama baadaye pale kwenye shuka ulijua kila kitu kuhusu yule mama, kama ana deni la huzuni au ana furaha, bila mtu kukueleza. Hakuweka muziki. Hakuweka mtu wa kueleza. Nilimwuliza kwa nini, akasema muziki ni kumshika mtazamaji shingo na kumgeuza kichwa.

Tulikwenda Kabambare kwa pikipiki, kamera imefungwa kwenye nailoni halafu kwenye kitenge changu. Tulichaji betri kwa mwenye duka mmoja aliyekuwa na jenereta, tukavuka mito kwa magogo, tukanyeshewa. Salamabila tulikaa muda mfupi tu. Wachimbaji wa dhahabu hawakutaka kupigwa picha, na wafanyabiashara walituona kama wapelelezi. Ni huko tuliposikia habari za mama mmoja wa Wamaza ambaye kila akitaka huja na sufuria yake, akapika kando ya shimo lililoporomoka, akala peke yake, akarudi. Watu walisema ana wazimu. Feruzi hakulala vizuri tangu aliposikia habari ile. Tukashika njia ya Wamaza.

Mama Hidaya hakuwa na wazimu. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini, na alitupokea kana kwamba alikuwa ametutuma dukani na tumechelewa. "Mukuje mukule," alisema kwa Kiswahili, na siku zote tulizokaa pale hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa karibu kila kitu. Jiko lake lilikuwa kibanda cha udongo chenye paa la nyasi lililotiwa weusi na moshi. Humo mlikuwa na mafiga, kinu, mtungi, na kitanda kifupi cha mianzi ambacho majirani walikikalia. Na majirani hawakukosa. Asubuhi walikuja kwa uji, mchana kwa bugali na mboga ya lengalenga, jioni kwa habari. Chungu chake kilikuwa cha kijiji. Mwanamke mmoja, Mama Salima, ambaye shamba lake lilipakana na la Mama Hidaya, alikuwa na tabia ya kuonja mchuzi kwa kiganja chake mwenyewe bila kuomba ruhusa, na Mama Hidaya alimpiga mwiko mkononi kila mara, nao wakacheka kila mara. Hidaya alikuwa msichana mdogo anayeonea haya kamera. Kwa muda mrefu hatukupiga picha ya maana. Feruzi alipepeta unga, alibeba kuni, aliketi. Mimi nilimkumbusha kwamba betri zinaisha bure. "Zinaisha kwa kazi," akanijibu.

Halafu mchana mmoja, mvua ikiwa inanyesha na hakuna jirani aliyefika, Mama Hidaya alianza mwenyewe. Alikuwa anamenya muhogo. Hakutazama kamera. Alisema kwa Kibangubangu, nami nikiwa nimeshika fimbo yangu karibu na moto nikawa nakiweka Kiswahili polepole nyuma yake, kila aliponyamaza, kama tulivyozoea. Alisema mwanawe Hamisi alitaka kwenda kwenye dhahabu. Alisema: nilimficha viatu vyake, nikavitia chini ya mpunga ghalani, akaenda peku. Nikamfuata kwa miguu mpaka Salamabila. Nilimkuta ameshaingia kwenye shimo na wenzake. Nikamwambia turudi, akakataa, alinionea haya mbele ya wenzake. Basi nikasema, mtoto wangu simwezi kwa nguvu, lakini namjua tumbo lake. Nikaazima sufuria. Nikawasha moto pale pale kando ya shimo, nikapika samaki wa moshi anaowapenda, ili harufu imshukie huko chini atoke mwenyewe. Na alikuwa anatoka. Nilimsikia anacheka, anasema mama ananiaibisha. Halafu nikasikia udongo ukikaa chini. Haukupiga kelele. Ulikaa kama mtu anavyokaa kitandani.

Hapo akanyamaza, akaendelea kumenya muhogo, na machozi yalimteremka bila uso wake kubadilika. Nilimaliza kutafsiri. Nyuma ya kamera Feruzi alisema, kwa sauti ya mtoto, "Alimupikia? Kando ya shimo?" Kisha akalia, na kamera ikawa inatikisika, na hakuizima. Jioni ile alimpigia Mama Hidaya magoti. "Mama, naapa kwa Mungu, sitaongeza neno, sitapunguza neno." Mama Hidaya alimwinua kwa kiwiko. "Usiape, mwanangu. Ukule."

Filamu ile tuliionyesha kwanza kwenye shuka, uani kwa shangazi yake Kasongo, na wale shangazi wawili walitazama mpaka mwisho. Mmoja wao akaingia ndani, akatoka na chai, akanipa mimi kabla ya kumpa Feruzi. Feruzi aliiita filamu hiyo *Jiko la Wamaza*. Katika ile sehemu ya mvua hakukata kitu, hata kilio chake mwenyewe alikiacha, hata sauti yangu nikitafsiri. Aliondoka nayo mwisho wa mwaka. Ilipendwa huko ilikokwenda, akaitwa mahali pengine, na pengine, na hakurudi.

Nilizifuata filamu zake zote, kama mtu anavyofuata habari za ndugu aliyehama. Mwanzoni dada yake aliniletea kwenye diski, baadaye zikaja kwenye simu. Ya pili bado ilikuwa yake: mwanamke Kindu anangoja mashua, na unangoja naye. Katika ya tatu nilisikia filimbi ikilia kwa mbali wakati mtu anazungumza, nikajiambia labda ni filimbi ya kweli, kuna mtu anapiga jirani. Katika ya nne vinanda viliingia kabla mtu hajafungua kinywa, ili ujue mapema kwamba utalia. Baadaye ikaja ile kamera inayoruka, ikawa kila kijiji unakiona kwa juu kama anavyokiona mwewe. Watu wakawa wanakatwa katikati ya sentensi. Kimya alichonifundisha kukingoja kilikwisha kabisa. Hapakuwa na nafasi hata ya kumeza mate. Nilihuzunika lakini sikumchukia. Mtu huzeeka, mkono hutetemeka, hilo halina kesi. Nilimchukia alipotoa *Bei ya Mwana*.

Ni filamu ya Kifaransa kuhusu dhahabu, na katikati yake, bila aibu, amechukua ile picha yetu ya mvua. Jiko lile, muhogo ule, machozi yale. Lakini sauti ya Mama Hidaya ameizima, na juu ya midomo yake ameweka mwanamke mwingine, mwigizaji mwenye sauti nzuri ya kunguruma, anayesema kwa Kifaransa: nilimtuma mwanangu shimoni, nilimwambia asirudi mikono mitupu, alileta, nikala, alileta tena, nikala, na siku shimo lilipomla, nilikuwa naendelea kula. Nilipoiona nilikuwa nimesimama dukani kwangu, napima vitenge. Nilimpigia simu palepale. Alifurahi kunisikia. Nilipomwambia, alikohoa kidogo, kisha akanieleza kwa upole kama mtu anayemfundisha mgeni kula kwa uma. "Dada Mwamini, ile ni sanaa. Watu wa huku wanataka kuona mwenye kosa. Mama anayelia tu, wameshamuona sana." Nikamwuliza kama amefikiri Mama Hidaya yu hai. Akasema: "Kule Wamaza nani ataiona?"

Waliiona. Vijana waliosoma Kindu walirudi nayo kwenye simu zao, wakawatafsiria wazazi Kifaransa kile. Waliomjua Hamisi wengi walikuwa wamekufa au wametawanyika, na waliobaki, kwa kuwa hakuna aliyekuwapo Salamabila siku ile, walishika waliloliona: uso ni wake, machozi ni yake, jiko ni lake. Majirani wakaacha kuja kwa uji. Mama Salima mwenyewe, aliyekuwa anaonja mchuzi kwa kiganja, akaanza kupita njia ya nyuma. Mama Hidaya aliwaambia ukweli mara moja tu. Hawakusadiki, naye hakurudia. Aliendelea kupika chungu kile kile kikubwa, Hidaya aliniambia, na kuwamwagia kuku jioni. Ndivyo alivyoishi mpaka alipokufa.

Kumwita Feruzi kulikuwa kazi rahisi. Mtu aliyezoea sifa humpati kwa kamba, unampata kwa kiti. Nilimwambia Kabambare inataka kumpa heshima, kwamba vijana wanataka kuona filamu yake ya kwanza na ya mwisho kwa siku moja, wajifunze mtu anavyokua. Maneno yote yalikuwa ya kweli, hata hilo la kujifunza. Alikuja. Nywele zake zilikuwa nyeupe, amevaa shati la bei na skafu, na alipanda pikipiki kwa shida, akicheka. Njiani tulilala kwa watu, tukala wali na maharagwe, akazungumza juu yake mwenyewe mpaka wenyeji wakasinzia. Aliuliza habari za Mama Hidaya. Nikamwambia amekufa. "Masikini," alisema. "Alikuwa na uso." Nilirudia neno lile kichwani mpaka Kabambare: alikuwa na uso.

Ukumbi wa Kabambare ulikuwa umejaa mchana wa maonyesho, madirisha yamefunikwa kwa blanketi, joto la watu limepanda. Hidaya alikuwa amezunguka Wamaza nzima, mlango kwa mlango, akiwaomba waliomsema mama yake waje wamwone kwenye filamu alipokuwa hai. Walikuja, nadhani, kwa udadisi. Mama Salima aliketi mbele. Feruzi alitaka kuanza na ya kwanza. Nikamwambia, "Yaya, anza na ile kubwa. Ya zamani tutaimalizia." Hilo nililipanga tangu sahani ya wali. Ikachezwa *Bei ya Mwana*, yenye vinanda vyake na mwewe wake, na Kifaransa kilipofika kwenye jiko, vijana wakatafsiri kwa sauti, na wanawake wa Wamaza wakatazamana kama kusema, si tuliwaambia? Hidaya alikuwa ameinamisha kichwa. Watu walipiga makofi mwishoni. Feruzi aliinama kushukuru.

Kisha *Jiko la Wamaza*. Ilianza bila muziki na watu wakapiga kelele kidogo, wakidhani mashine imeharibika. Walinyamaza polepole. Walimwona Mama Salima kijana akipigwa mwiko, wakacheka, na yeye mwenyewe akajifunika mdomo. Halafu mvua. Halafu uso ule ule, muhogo ule ule, na sasa midomo ikatoa sauti yake, kwa Kibangubangu, katika ukumbi ambao karibu kila mtu aliinyonya lugha hiyo kwa mama yake. Alipofika kwenye viatu chini ya mpunga, nilisikia mtu anavuta pumzi. Mama Salima alisimama. "Simamisha! Rudisha pale!" Feruzi, aliyekuwa mwenyewe kwenye kompyuta, hakuelewa kwanza. Akarudisha. Viatu, tena. "Rudisha." Akarudisha kwa kidole chake mwenyewe, tena, na wakati ule uso wake ulikuwa umeshaanza kujua.

"Baba," Hidaya alimwambia, na sauti yake haikupanda. "Mama yangu anasema alimuficha viatu. Kile Kifaransa kimesema alimutuma. Wewe ulisikia nini siku ile?"

Feruzi alifungua mikono. Alisema ndugu zangu, filamu ni sanaa, ina kanuni zake. Walimngoja. Alisema mambo hupotea kwenye kutafsiriwa. Walimngoja. Ndipo akasema lile ambalo hata mimi sikulitegemea: "Mi sijue Kibangubangu. Sikujua mama anasema nini."

Nilikuwa na hotuba yangu tayari, niliyoitunga njia nzima. Sikuihitaji. "Wacha iendelee," alisema Mama Salima, na filamu ikaendelea, kwa sababu yule Feruzi kijana, mwenye subira, alikuwa amekataa kuikata. Sauti yangu ya usichana ikaingia, polepole, ikitafsiri kwa Kiswahili kila neno: viatu, safari ya miguu, sufuria, samaki, udongo uliokaa chini. Na nyuma yake, wazi kabisa, sauti ambayo kila mtu mle ndani aliitambua, ikiwa na umri mdogo: "Alimupikia? Kando ya shimo?" Kisha kilio. Kilikuwa kirefu. Katika maisha yake yote hakupata kurekodi kitu cha kweli kuliko kile, na alilazimika kukisikiliza amesimama mbele ya watu, mkono juu ya mashine, bila kuthubutu kuizima.

Hakuna aliyempiga. Hakuna aliyemtukana, na nilisikitika kidogo kwa hilo. Mama Salima alikwenda mpaka alipoketi Hidaya, akapiga magoti kwenye sementi mbele yake. Wengine wakafuata. Wakatoka pamoja naye, wanawake kwanza, wakipita pembeni ya Feruzi kama maji yanavyopita pembeni ya jiwe, na njia ya Wamaza ikajaa watu wanaokwenda kulia kilio walichokuwa wamemnyima Mama Hidaya. Tulibaki wawili. Alikuwa anakunja waya, anakosea, anakunjua. Sikumsaidia.

"Umefurahi?" akaniuliza.

"Sana."

"Ile ya kwanza ndiyo bora kuliko zote, Mwamini. Mi najua."

"Na mimi najua. Ndiyo maana nilikuambia uilete."

Watu husema kisasi hakishibishi. Labda chao. Mimi nililala usingizi mzito kwa mwenyeji wangu Kabambare, nikaamka na njaa nzuri. Baadaye nilikwenda Wamaza, nikakaa jikoni, nikaona watu wakigombea nafasi kwenye kile kitanda cha mianzi, na Hidaya akigawa bugali akilalamika kwamba unga hautoshi. Nilitamani mama yake aone. Hilo tu ndilo ambalo kisasi changu hakikuweza kulileta, na ndilo linalonifanya nisimwonee Feruzi huruma hata leo.

Amenipigia simu mara nyingi tangu hapo. Anasema anataka kuiondoa ile sauti ya Kifaransa, anasema wenye filamu huko hawakubali, anasema anapambana. Huenda ni kweli. Mwezi uliopita sauti yake ilikuwa ndogo, ya mzee. Hakuzungumza juu ya kazi. Aliniuliza tu, baada ya kuzunguka sana:

"Hidaya anasema nini juu yangu?"

Ningeweza kumwambia kwamba anamlaani, ingemfariji. Nikamwambia ukweli.

"Hakutaji."

Alinyamaza. Sikukata simu. Niliibana vizuri sikioni, nikaketi kwenye kiti changu cha dukani, nikaendelea kumsikiliza.